Wimbi la Pangani na Vyombo vya Kuchunguzia Mitetemeko ya Nchi

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, baada ya saa mbili, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Dunda, Bagamoyo, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Ghafula meza ikatikisika na kalamu ikaviringika ikaanguka chini. Tetemeko la nchi lilikuwa limetokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, na nguvu yake kwa kipimo cha wataalamu ilikuwa karibu 6. Mjini Dar es Salaam watu wengi walitoka nje ya majumba kwa hofu, walakini, tunashukuru, madhara hayakuwa makubwa.

Asubuhi yake darasani hapakuwa na habari nyingine. Mtoto mmoja wa kike, ambaye baba yake ni mvuvi, akasimama akaniuliza: "Mwalimu, je, bahari yetu imepata kuinuka ikaingia mjini siku za kale?" Nikamjibu bila kusita: "La. Ingalikuwa hivyo, wazee wangalituhadithia, au ingaliandikwa vitabuni." Nilijibu kama nilivyozoea kufikiri, ya kuwa lisilosemwa na wazee wala kuandikwa na waandishi halikuwako. Baadaye nilitambua ya kuwa nimemwambia mtoto yule jambo lisilo kweli, ijapokuwa sikukusudia. Makala haya ni masahihisho yangu. Nayaleta mbele ya walimu wenzangu kwa sababu nadhani wako wengi ambao wangalijibu kama nilivyojibu mimi.

Sisi tufundishao historia ya pwani tunayo mashahidi ya namna nyingi. Tunayo magofu ya Kaole karibu na mji wetu, tunazo habari za miji zilizoandikwa na wenyeji, na barua za wasafiri, na maneno ya wazee. Mashahidi hawa hutueleza habari za watawala, na biashara, na vita. Lakini shahidi hana budi kubaki hai ndipo aweze kushuhudia. Kijiji kikifa chote siku moja, ni nani atakayekihadithia? Hapo ndipo tulazimikapo kuiuliza nchi yenyewe, maana nayo ina maandishi yake.

Zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Bagamoyo, mto Pangani huingia baharini. Karibu na mahali pale, yapata miaka 1,000 iliyopita, palikuwa na kijiji cha Waswahili wa kale. Wachunguzi walipochimba walikuta tabaka la mchanga, na ndani yake mlikuwamo masalio ya kijiji: vigae vya vyungu, na shanga, na mifupa ya samaki, na mifupa ya watu. Mifupa ile ya watu haikulazwa kama walazwavyo maiti wazikwao kwa heshima. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Vittorio Maselli na wenzake, na miongoni mwao wamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama vile Cassy Mtelela na Elinaza Mjema. Habari yao ilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Marekani liitwalo Geology. Basi mwaka ule ule niliosema "La" mbele ya darasa langu, wao walikuwa wameandika "Ndiyo".

Hapa msomaji atauliza: mchanga hauna mdomo, basi wamejuaje ya kuwa uliletwa na wimbi kuu, lile liitwalo siku hizi tsunami, wala si mafuriko ya mto au upepo wa kusi? Sehemu ya kwanza ya jibu iko katika mchanga wenyewe. Walipima ukubwa wa punje zake na jinsi zilivyopangika, wakatazama viumbe vidogo vya maji vilivyochanganyika nazo, wakaona ya kuwa mambo hayo yafanana na kazi ya tsunami kuliko kazi ya maji mengine. Tena mwaka 2008 wachunguzi wengine walikuwa wametangaza ya kuwa katika nchi za Thailand na Indonesia, mashariki ya Bahari ya Hindi, kuna matabaka ya mchanga ya namna hiyo, yaliyoachwa na mawimbi ya kale. Umri wa mchanga wa Pangani ukakubaliana na umri wa baadhi ya matabaka ya huko mbali.

Sehemu ya pili ya jibu ilitoka katika hesabu za kompyuta. Nataka kuieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu hesabu hizo zina historia yake, na historia hiyo yaigusa nchi yetu.

Tuanze na mwaka 1910. Tarehe 13 Desemba mwaka huo, nchi hii ilipokuwa ikitawaliwa na Wajerumani, lilitokea tetemeko kubwa pande za Rukwa. Nguvu yake ilipita 7, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki. Wakati ule mitambo ya kuandika mitetemo, iitwayo seismografu, ilikuwa imekwisha kusimamishwa mahali mbalimbali duniani, hasa Ulaya. Asili ya mtambo huo ni kitu kizito kilichotundikwa. Nchi itikisikapo, sanduku la mtambo hutikisika pamoja nayo, bali kile kizito hukawia kwa sababu ya uzito wake, na tofauti ya miendo yao huandikwa kwa sindano juu ya karatasi. Basi karatasi za Ulaya zilipokea habari ya Rukwa kwa muda wa dakika chache tu, ijapokuwa waliozitazama hawakujua ni nyumba gani zilizoanguka.

Kutokana na karatasi hizo mtu aweza kutafuta mahali tetemeko lilipotokea. Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili yapitayo ndani ya nchi, moja huenda mbio na jingine hufuata nyuma. Kwa matetemeko ya karibu, kila sekunde moja ya kuachana kwao ni kama kilomita 8 za mbali. Wakiachana kwa sekunde 10, tetemeko li mbali kwa kilomita 80 au karibu yake. Lakini mtambo mmoja hautuambii ni upande gani, kwa hiyo twachora duara juu ya ramani kuuzunguka mtambo. Tukiwa na mitambo mitatu twachora duara tatu, na pale zinapokutana ndipo penye tetemeko. Kazi hii nimeifanya darasani kwa ramani, uzi na chaki, na watoto huipenda kuliko mchezo.

Walakini duara zichorwazo kwa mkono mara nyingi hazikutani sawasawa, kwa kuwa mawimbi hayapiti mahali pote kwa mwendo mmoja. Mwaka ule ule wa 1910, huko Göttingen katika Ujerumani, mtaalamu jina lake Ludwig Geiger alichapisha njia iliyo bora. Kisia kwanza mahali na saa ya tetemeko. Kisha fanya hesabu, mawimbi yangalifika saa ngapi katika kila mtambo kama kisio lako ni kweli. Linganisha na saa yalizofika hasa. Tofauti ikiwa kubwa, sogeza kisio lako, fanya hesabu tena, na tena, hata tofauti ipungue kabisa. Njia ilikuwa njema, lakini hesabu zake zilikuwa nyingi mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Kwa hiyo kwa muda wa miaka hamsini hivi haikuweza kutumika sana.

Kompyuta ndiyo iliyoifungua njia ile. Mwaka 1972 Willie Lee na John Lahr, wa idara ya Marekani ya uchunguzi wa ardhi, walitoa programu iliyoitwa HYPO71, ambayo hufuata njia ya Geiger. Kazi iliyomchosha mtu siku nzima ikawa kazi ya kitambo kidogo. Baadaye zilifuata nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, Jens Havskov na wenzake walitunga programu iitwayo SEISAN, nayo imeenea katika nchi nyingi zisizo na fedha nyingi za elimu, maana haiuzwi. Mwaka 2010 wataalamu wa München walitangaza nyingine iitwayo ObsPy, nayo pia hutolewa bure, na kila mtu aweza kufungua na kusoma maagizo yaliyomo ndani yake. Hii ya mwisho naiona kuwa ni neema kubwa kwa mwalimu. Mwanafunzi haambiwi tu, "Jibu ni hili." Aweza kuona ni kwa hatua zipi jibu limepatikana, kama vile tuwaagizavyo wanafunzi wetu waonyeshe njia ya hesabu, wasilete jibu tupu.

Lakini programu pasipo mitambo ni kama jiwe la kusagia pasipo nafaka. Mwaka 1994 na 1995 mitambo 20 ilisimamishwa Tanzania kwa muda wa mwaka mmoja hivi, ili kuchunguza mitetemo na mambo yaliyo chini kabisa ya nchi yetu. Tena tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa shirika la AfricaArray, vyuo vya Afrika ya Kusini na Marekani vilishirikiana na nchi nyingi za Afrika kusimamisha mitambo na kuwafundisha vijana wa Kiafrika kuisoma. Kwamba kazi hii si ya anasa twalijua tokea tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipoupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake zikabomoka.

Sasa turudi baharini. Kama mitetemo ndani ya nchi ina mwendo wake, kadhalika wimbi kuu lina mwendo wake, nao hutegemea kina cha maji. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 10, kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa jibu lile. Bahari ikiwa na kina cha mita 4,000, twapata 40,000, na namba itakiwayo ni 200. Basi wimbi huenda mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa, mwendo wa ndege. Likifika penye kina cha mita 10 tu, mwendo hupungua ukawa mita 10 kwa sekunde. Lakini maji ya nyuma yangali yakija mbio, ndiyo maana wimbi hupanda juu likaribiapo pwani. Hata hapo lina mbio kuliko mtu.

Bahari haina kina kimoja, kwa hiyo hesabu moja haitoshi. Programu ya kompyuta huigawanya bahari yote katika miraba midogo midogo, na kila mraba hupewa kina chake. Kisha sakafu ya bahari huinuliwa mahali fulani ndani ya hesabu, kama ifanyavyo katika tetemeko, na kompyuta huyafuata maji kutoka mraba hata mraba, hata yafike pwani. Ndivyo Maselli na wenzake walivyofanya. Waliuliza: ni tetemeko la mahali gani liwezalo kuleta Pangani wimbi la kutosha kuuacha mchanga ule? Jibu lililoelekea zaidi kuwa kweli lilikuwa tetemeko kubwa sana la upande wa Sumatra na visiwa vya Andaman, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita 6,000 hivi kutoka kwetu.

Naomba msomaji aliangalie neno lile, "lililoelekea zaidi kuwa kweli". Wachunguzi wenyewe hawakuapa. Kompyuta haikuwako Pangani miaka 1,000 iliyopita, wala haina ushahidi wake yenyewe. Ukiipa kina cha bahari kisicho kweli, nayo itakupa wimbi lisilo kweli, wala haitaona haya. Kazi yake ni kama kazi ya hakimu awahojiye mashahidi, kuona kama maneno yao yapatana. Mchanga ulisema lake, mifupa ikasema lake, mchanga wa Thailand na Indonesia ukasema lake, na hesabu ikaonyesha ya kuwa maneno hayo yote yaweza kuwa ya jambo moja. Nicholas Ambraseys wa London alifuata njia ya namna hii alipochapisha, mwaka 1991, uchunguzi wa lile tetemeko la Rukwa. Aliyasoma maandishi ya watu wa 1910 pamoja na alama za mitambo, wala hakukiacha kimoja kwa ajili ya kingine. Kwa hiyo mwalimu wa historia asidhani ya kuwa vyombo hivi vyamfukuza kazini. Vyamwita aje na mashahidi wake.

Pengine mtu atasema: "Miaka 1,000 ni mingi. Hayo yamepita." Basi na akumbuke tarehe 26 Desemba, 2004. Karibu saa kumi za alfajiri kwa saa zetu, sakafu ya bahari ilipasuka upande ule ule wa Sumatra, kwa urefu wa kilomita 1,300 hivi, na nguvu ya tetemeko ilikuwa 9.1. Katika nchi za pembezoni mwa bahari hii walikufa watu zaidi ya 220,000. Wimbi lilichukua kiasi cha saa tisa kufika kwetu. Walikufa watu katika Tanzania pia, wapatao 10, wengi wao vijana waliokwenda kuogelea pwani ya Dar es Salaam, maana ilikuwa siku ya Jumapili baada ya Krismasi. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Lakini nchini Kenya habari ilikuwa imetangulia, askari wakawaondoa watu ufuoni Mombasa, na aliyekufa nchini mle alikuwa mtu mmoja.

Saa tisa ni muda mrefu. Mtu aweza kutoka Dar es Salaam kwa gari akafika Dodoma kabla hazijatimia. Vijana wale wa ufuoni hawakufa kwa kukosa muda. Walikufa kwa kukosa habari, na habari haikuwafikia kwa sababu hapakuwa na njia ya kuileta, tena hapana aliyedhani ya kuwa jambo kama hilo laweza kutufikia sisi. Sote tulikuwa tukijibu "La", kama nilivyojibu mimi. Baada ya msiba ule mataifa yalianzisha utaratibu wa kupashana habari za tsunami katika Bahari ya Hindi. Mitambo hulisikia tetemeko, kompyuta hulitafuta mahali pake na kulikadiria wimbi, na habari hupelekwa kwa kila nchi. Kwetu hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Walakini habari ikifika ofisini haijafika bado ufuoni. Hatua ile ya mwisho, kutoka redioni na simuni hata masikioni mwa mvuvi na mtoto aogeleaye, ndiyo kazi yetu sisi tukaao nao.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu wa pwani mambo mawili. La kwanza, tuwafundishe watoto vyombo hivi. Shule isiyo na kompyuta na ianze kwa ramani na uzi. Yenye kompyuta moja na ichukue programu zile za bure, ili watoto wayasome matetemeko ya nchi yao kwa macho yao wenyewe. La pili, tuwafundishe dalili. Dalili ya mvua ni mawingu, na wimbi nalo lina zake. Ukisikia tetemeko kali au la muda mrefu ukiwa pwani, ondoka uende mahali palipoinuka, usingoje tangazo. Ukiona maji yamekupwa ghafula na si wakati wake, samaki wamebaki juu ya mchanga, usiende kuwaokota, kimbia. Na wimbi la kwanza likipita usirudi upesi, kwa sababu huja mengi, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Tena wako watakaopata wimbi pasipo kuona maji yakikupwa kwanza, kwa hiyo tangazo likitolewa na lifuatwe.

Mtoto yule aliyeniuliza amekwisha kumaliza shule ya msingi. Nilipokwisha kuisoma habari ya Pangani nilikwenda kwao jioni moja kuyasahihisha maneno yangu, kwa kuwa kuuliza si ujinga, na aliyeuliza astahili jibu la kweli. Nilimkuta baba yake akishona wavu. Nikawaeleza wote wawili habari ya mchanga, na mifupa, na hesabu ya wimbi. Mzee yule alisikiliza hata mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu:

"Mwalimu, maji yakianza kukimbia, tuna muda gani?"

Nikamwambia: "Habari ikitoka Sumatra, mzee, tunazo saa nane au tisa. Maji yakianza kukimbia mbele ya macho yako, ni dakika chache tu. Watoto kwanza, chombo baadaye."

Akamgeukia binti yake, akamwambia: "Umesikia? Wafundishe na wadogo zako." Kisha akaendelea kushona wavu wake.